Akiba ya wanandoa katika benki moja: bima ya amana inahesabu nini hasa?

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Columbus, Ohio, na pesa zetu zote ziko katika benki moja. Tuliuza nyumba mwaka jana na hatujapata nyingine, kwa hiyo akaunti yetu ya pamoja ina dola 540,000. Mume wangu ana akaunti ya muda maalumu ya dola 190,000 kwa jina lake, na dola 85,000 za biashara yake ya lori, ambayo hajaisajili kuwa kampuni. Tena ana akaunti ya pamoja na mdogo wake yenye dola 80,000 za kumjengea mama yao nyumba Tanga. Mimi nina dola 60,000 kwa jina langu na dola 70,000 katika akaunti ya kustaafu. Mume wangu anasema kila akaunti ina bima yake ya dola 250,000, hivyo tatizo ni ile ya pamoja peke yake. Mimi nimesikia kwamba mke na mume wanalindwa hadi dola 500,000 na hakuna zaidi. Nani yuko sahihi? Na mmoja wetu akifariki inakuwaje? Sisi bado si raia wa Marekani.

Jibu: Dada yangu, hakuna aliye sahihi kati yenu. Hali yenu ni nzuri kuliko hesabu zote mbili, lakini ina matundu mahali ambapo hakuna hata mmoja wenu aliyepatazama. Kwa hesabu ya mume wako, dola 290,000 haziko chini ya bima. Kwa hesabu yako, ukijumlisha kila kitu, ni dola 525,000. Kwa kanuni zilivyo, iwapo benki yenu ingefungwa leo, kiasi kisicho na bima ni dola 105,000, na sehemu kubwa ya kiasi hicho inatokana na lile lori na ile nyumba ya Tanga.

Nianze na suala la uraia, maana nimewaona wengi wakilala macho wazi kwa ajili yake bila sababu. Shirika la serikali kuu ya Marekani linalosimamia bima hii, ambalo watu hulijua kwa herufi zake FDIC, halimuulizi mwenye amana uraia wake wala hati yake ya makazi. Ukiwa na pesa katika benki iliyo mwanachama, unalindwa sawasawa na aliyezaliwa hapo Ohio. Huombi bima hiyo na huilipii, kwa sababu michango inatolewa na benki zenyewe. Haijalishi pia kama akaunti yako inazaa riba au haizai, jambo ambalo nalitaja kwa sababu baadhi yetu tunaikwepa riba kwa sababu za dini na tumeambiwa kimakosa kwamba akaunti ya namna hiyo haina ulinzi. Tangu bima ilipoanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1934, wakati kiwango chake kilikuwa dola 2,500 tu, hakuna mwenye amana aliyepoteza hata senti moja ya pesa zilizokuwa ndani ya kiwango. Kiwango cha sasa cha dola 250,000 kilianza mwaka 2008 kama hatua ya muda, kisha kikafanywa cha kudumu mwaka 2010.

Kosa lenu linatokana na neno «akaunti». Bima hii haihesabu akaunti, na wala haihesabu ndoa. Inahesabu mtu mmoja, katika benki moja, kwa namna moja ya umiliki. Mtu huyo huyo akimiliki pesa kwa namna nyingine inayotambuliwa na kanuni, anaanza hesabu mpya ya dola 250,000 katika benki ile ile. Akifungua akaunti kumi kwa namna moja ya umiliki, zote kumi zinamwagwa katika kapu moja na kupimwa kwa dola 250,000. Ndiyo maana mume wako anakosea anaposema kila akaunti ina bima yake. Nawe unakosea unapodhani kwamba dola 500,000 ni dari ya familia, kwa sababu kiasi hicho ni dari ya wawili katika kapu la akaunti za pamoja peke yake, na nyinyi mna makapu mengine.

Sasa tuziweke pesa zenu katika makapu yake. La kwanza ni la umiliki wa mtu mmoja, yaani akaunti zilizo kwa jina la mtu peke yake bila mnufaika aliyetajwa. Lako lina dola 60,000, nalo halina tatizo. La mume wako halina dola 190,000 kama anavyofikiri. Biashara ambayo haijasajiliwa kuwa kampuni wala ubia haitambuliwi kama mtu aliye mbali na mwenyewe, hata kama hundi zake zimechapwa jina la biashara na picha ya lori. Pesa zake ni pesa za mwenye lori. Kwa hiyo 190,000 na 85,000 zinajumlishwa kuwa dola 275,000, na dola 25,000 zinabaki nje ya bima. Kama angekuwa na kampuni iliyosajiliwa na inayofanya kazi ya kweli, kampuni hiyo ingekuwa na dola 250,000 zake. Hata hivyo simshauri asajili kampuni kwa ajili ya bima ya amana peke yake. Kuna kodi na dhima ya ajali barabarani za kupima kwanza, na hizo ni nzito kuliko dola 25,000.

Kapu la pili ni la akaunti za pamoja, na hapa ndipo penye utata. Kanuni inachukulia kwamba wenye akaunti wanamiliki sehemu sawa, isipokuwa kumbukumbu za benki ziwe zinasema vinginevyo. Halafu sehemu za kila mtu katika akaunti zote za pamoja alizonazo katika benki hiyo zinajumlishwa, yeyote awaye anayeshirikiana naye. Katika dola 540,000 zenu, wewe una 270,000 na yeye ana 270,000. Wewe unazidi kwa dola 20,000. Yeye ana vilevile nusu ya akaunti ya nyumba ya Tanga, yaani dola 40,000, na jumla yake inafika dola 310,000, akizidi kwa dola 60,000. Mdogo wake yuko salama na dola 40,000 zake, mradi hana akaunti nyingine za pamoja humo. Ukijumlisha dola 20,000 zako, dola 60,000 zake na zile dola 25,000 za kapu la kwanza, ndipo unapopata dola 105,000 nilizotaja. Kubadili mpangilio wa majina, kuandika «na» badala ya «au» kati yake, au kutanguliza namba ya hifadhi ya jamii ya mmoja wenu hakuongezi hata dola moja, ingawa ushauri wa namna hiyo husikika sana misibani na harusini.

Kapu la tatu ni la akaunti za kustaafu. Dola 70,000 zako ziko humo na zina kiwango chake cha dola 250,000, mradi pesa zenyewe ziwe zimewekwa kama amana ya benki. Kama benki ilikuuzia hisa au hati za mfuko wa uwekezaji ndani ya akaunti hiyo ya kustaafu, hapo hakuna bima ya amana, hata kama ulizinunua kwenye meza ile ile na kwa karani yule yule. Vivyo hivyo dhahabu, vyeti na vitu vingine vilivyomo katika sanduku la benki, na sarafu za kidijitali.

Kabla ya kuhamisha chochote, kuna jambo moja la kukagua, kwa sababu hesabu yote ya kapu la pili inasimama juu yake. Akaunti inahesabiwa kuwa ya pamoja kama wenyewe ni watu walio hai, kila mmoja ana haki sawa na mwenzake ya kutoa pesa, na kila mmoja ametia sahihi kwenye kadi ya sahihi ya benki au kuna ushahidi mwingine katika kumbukumbu za benki kwamba yeye ni mmiliki mwenza, kwa mfano kwamba amepewa kadi na anaitumia. Nimekutana na wanandoa walioamini kwa miaka kwamba akaunti ni yao wote wawili, kumbe mke aliongezwa kama mtu aliyeruhusiwa kutoa pesa kwa niaba ya mume. Kuruhusiwa kutoa pesa hakukufanyi mmiliki. Katika hali hiyo dola 540,000 zote zingeingia katika kapu la mume wako peke yake, juu ya zile 275,000, na sehemu isiyo na bima ingekuwa kubwa mno. Nendeni benki mkaombe kuona kadi ya sahihi kwa macho yenu. Msiridhike na jibu la simu.

Kama kadi iko sawa, kuyaziba matundu haya hakuchukui hata siku mbili. Kapu lako la mtu mmoja lina nafasi ya dola 190,000. Mkihamisha dola 130,000 kutoka akaunti ya pamoja kwenda akaunti iliyo kwa jina lako, ya pamoja itabaki na 410,000. Sehemu ya kila mmoja itakuwa 205,000. Mume wako, akiongeza zile 40,000 za Tanga, atakuwa na 245,000. Na kapu lako litakuwa na 190,000. Nimeacha dola elfu chache chini ya kiwango kwa makusudi, kwa sababu riba iliyokwisha kuzaliwa hadi siku benki inapofungwa inahesabiwa pamoja na mtaji, na ukijaza kapu hadi ukingoni litafurika lenyewe. Bila shaka, kuhamisha huku kunataka mume akubali kwamba dola 130,000 ziwe kwa jina la mke, na hilo ni la mazungumzo ya nyumbani ambayo mimi siyaingilii.

Kuhusu dola 25,000 zake, anaweza kuzihamishia benki nyingine, au anaweza kutumia njia ya karatasi tu: akutaje wewe kuwa mnufaika wa akaunti yake ya muda maalumu, yaani mtu atakayelipwa iwapo yeye atafariki. Akaunti yenye mnufaika aliyetajwa katika kumbukumbu za benki inatoka katika kapu la mtu mmoja na kuingia kapu la nne, ambalo tangu tarehe 1 Aprili 2024 lina kanuni nyepesi: kila mmiliki analindwa dola 250,000 kwa kila mnufaika, hadi wanufaika watano, hivyo dari ni dola 1,250,000 kwa mmiliki mmoja. Kwa mnufaika mmoja, dola 190,000 zinaenea vizuri, na kapu lake la mtu mmoja linabaki na dola 85,000 za lori. Hukutaja watoto. Kama mnao wawili na mkawataja katika akaunti ya pamoja, akaunti hiyo peke yake italindwa hadi dola 1,000,000, kwa maana ya wamiliki wawili kwa wanufaika wawili. Ila msifanye hivyo kwa ajili ya bima bila kufikiri juu ya urithi. Pesa zenye mnufaika zinalipwa moja kwa moja kwa aliyetajwa, nje ya wosia na nje ya mahakama ya mirathi, na kwa familia inayotaka mirathi igawanywe kwa sheria ya Kiislamu jina moja lililoandikwa benki linaweza kupindua mgawanyo wote.

Uliuliza habari ya kifo. Kanuni inatoa muda wa miezi sita tangu mwenye akaunti alipofariki, na ndani ya muda huo amana zake zinalindwa kana kwamba bado yuko hai, ili wanaobaki wapate nafasi ya kuzipanga upya. Miezi hiyo ikiisha, akaunti ya pamoja ambayo kwa masharti yake inabaki kwa aliye hai inakuwa yake peke yake, na inaingia katika kapu lake la mtu mmoja. Tufanye Mungu amemchukua mume wako na hujagusa kitu: dola 410,000 za pamoja na 190,000 zako zinakuwa 600,000, bima ni 250,000, na dola 350,000 ziko nje. Mpango niliokueleza hapo juu haubadilishi tarakimu hiyo hata kidogo, kwa sababu msinge­hamisha kitu bado ingekuwa 540,000 na 60,000. Mjane anaweza basi kutoka katika ulinzi karibu kamili hadi upungufu mkubwa katika siku moja ya kalenda, pasipo kutia wala kutoa pesa. Tena kuna hali moja ambayo haina miezi sita: akifariki mnufaika badala ya mmiliki, ulinzi unapungua siku hiyo hiyo. Ukitangulia wewe, akaunti ya muda maalumu ya mume wako itakosa mnufaika na kurudi kuungana na pesa za lori. Kama kuna mtu wa pili wa kumtaja, atajwe.

Benki ikifungwa kweli, mambo huenda kwa utulivu kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi mamlaka iliyoipa leseni huifunga Ijumaa jioni na kuikabidhi kwa FDIC kama msimamizi wa ufilisi. Kwa kawaida benki nyingine huwa imekwisha kukubali kuzichukua amana, na wateja huendelea kutumia kadi na hundi zao mwishoni mwa juma hilo hilo. Asipopatikana wa kuzichukua, shirika lenyewe huwalipa wateja, kwa kawaida ndani ya siku chache za kazi. Benki mpya inaweza kushusha kiwango cha riba cha akaunti ya muda maalumu, lakini nawe unaruhusiwa kutoa pesa zako bila adhabu ya kuvunja muda.

Kwa kiasi kilichozidi, unapewa hati ya madai, na unalipwa kidogo kidogo kadiri mali za benki zinavyouzwa. IndyMac ya California ilipofungwa tarehe 11 Julai 2008, wateja wapatao 10,000 walikuwa na jumla ya karibu dola bilioni 1 zilizoonekana kuzidi kiwango, nao walipewa nusu ya ziada hiyo kwanza. Oktoba 2024 ilikuwa zamu ya benki ndogo ya mji wa Lindsay, Oklahoma, na waliozidi kiwango waliambiwa vilevile kwamba watapata asilimia 50 mwanzoni. Najua utanikumbusha Silicon Valley Bank ya Machi 2023, ambapo serikali iliamua kuwalinda wote bila kujali kiwango. Huo ulikuwa uamuzi wa dharura kwa kuhofia mfumo mzima wa benki kutikisika. Wateja wa Lindsay hawakuupata, na sioni kwa nini familia ijenge mpango wake juu yake.

Kama mtaamua kupeleka sehemu ya akiba benki ya pili, hakikisheni ni benki ya pili kweli. Baadhi ya benki za mtandaoni zina majina mawili au matatu ya biashara chini ya leseni moja, na bima inazihesabu kuwa benki moja. Angalieni namba ya cheti cha FDIC, si jina na rangi. Programu za simu zinazopokea akiba na kuahidi bima «kupitia benki washirika» zinataka tahadhari zaidi. Kampuni ya Synapse, iliyokuwa katikati ya programu za namna hiyo na benki, iliomba ufilisi Aprili 2024. Wateja zaidi ya 100,000 walifungiwa pesa zao, na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama akakuta pengo la kati ya dola milioni 65 na milioni 96. Bima haikulipa, kwa sababu hakuna benki iliyoanguka. Kilichoanguka ni daftari la aliyekaa katikati. Vyama vya akiba na mikopo vya huko Marekani, kwa upande mwingine, vina bima yao iliyo chini ya NCUA, shirika la serikali kuu linalovisimamia vyama hivyo, yenye kiwango kile kile cha dola 250,000, na havichanganywi na pesa zenu za benki.

Limebaki la Tanga. Dola 80,000 hizo zina ulinzi nilioueleza kwa muda zinapokaa Columbus. Siku mume wako na mdogo wake watakapozituma Tanzania, zitatoka chini ya kanuni hizi zote na kuingia chini ya Bodi ya Bima ya Amana ya huko, ambayo tangu mwaka 2023 kiwango chake ni shilingi 7,500,000, yaani takriban dola 3,000. Kwa hiyo zisitumwe zote kwa mkupuo kukaa katika akaunti moja zikisubiri fundi. Wazitume kwa hatua: za msingi zikifika na msingi ukasimama, ndipo za kuta, kisha za bati.